Shirika Lililowatangulia Watu Wake

Wasifu wa marehemu aliyekuwa mtumishi wa reli huwa na majina mengi ya miji. Aliajiriwa Voi akiwa kijana, akahamishiwa Nakuru, akaenda Jinja, akarudishwa Nairobi, akapelekwa Tabora, akastaafu akiwa Morogoro. Mtoto wa kwanza alizaliwa stesheni hii, wa tatu stesheni ile, na mke alipatikana katika kituo ambacho leo treni inakipita bila kusimama. Anayesoma wasifu huo msibani mara nyingi ni mjukuu, na majina hayo huyapitia mbiombio kwa sababu hayamwambii kitu. Wanaotikisa kichwa kwa kila jina ni wazee wachache waliokaa pamoja chini ya turubai. Wao walipita huko huko.

Wazee hao wanapungua. Kijana aliyeajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwaka 1970 akiwa na miaka 20, sasa amevuka miaka 75, na wale waliompokea kazini na kumfundisha wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Kwa kawaida mtu hustaafu, akafa, na mahali alipofanyia kazi pakabaki: ofisi ikatuma mwakilishi, gari na shada la maua, na jina lake likasomwa kwenye mkutano wa mwaka. Watu wa reli ya Afrika Mashariki hawakupata hilo. Mwajiri wao alikufa kwanza, mwaka 1977, wengi wao wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi. Tangu hapo wamekuwa wakizikana wenyewe.

Ndiyo maana historia ya shirika hili naiandika kuanzia makaburini. Majengo yake yapo, baadhi ya vichwa vyake vya treni vimehifadhiwa, na tarehe zake zimo vitabuni. Kinachopotea ni watu, na kila anayezikwa anaondoka na kipande cha njia ambacho yeye peke yake alikijua.

Kwa jina, shirika lilianza tarehe 1 Mei 1948, Waingereza walipoziunganisha reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya uongozi mmoja wenye makao makuu Nairobi. Kwa njia zenyewe lilikuwa na umri mkubwa zaidi. Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga mwaka 1893. Waingereza walianzia Mombasa mwaka 1896, wakafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901. Mwaka 1905 Wajerumani wakaanza njia ya kati kutoka Dar es Salaam. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Tawi la Tabora hadi Mwanza likamalizika mwaka 1928, Tanganyika ikiwa mikononi mwa Waingereza.

Waliojenga njia hizo hawakuwahi kuwa wastaafu. Kwa njia ya Mombasa, iliyoitwa reli ya Uganda, waliletwa kutoka India vibarua wa mkataba karibu 32,000, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini, kwa malaria, kuhara, ajali, vidonda, na wachache kwa simba wa Tsavo. Njia nzima ni maili 582, kwa hiyo ni zaidi ya watu wanne kwa kila maili. Katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1971, limehifadhiwa behewa alimolala Charles Ryall, ofisa wa polisi, usiku ule wa mwaka 1900 simba alipomtoa humo katika stesheni ya Kima. Wageni huonyeshwa dirisha na kusimuliwa kisa. Ni sawa Ryall akumbukwe. Alikuwa mtu, na alikufa vibaya. Lakini behewa hilo linatufundisha jinsi taasisi inavyokumbuka: ofisa mmoja ana behewa zima, na vibarua 2,500 wana tarakimu.

Upande wa Tanganyika, njia ya kati ilifuata kwa sehemu kubwa ile njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Wanyamwezi ambao baba zao walipita hapo na pembe za ndovu mabegani, wao walipita na mataruma ya chuma. Reli ikaiua kazi ya upagazi, na walioijenga ndio waliokuwa wapagazi. Vijana wa Unyamwezi waliendelea kuingia katika kazi hiyo kizazi baada ya kizazi, hata katika familia za Tabora ukamkuta babu wa genge, baba wa karakana na mtoto karani wa tikiti.

Wazee wa reli husema "reli" wakimaanisha pia meli. Mabaharia wa Kigoma, Mwanza na Kisumu walikuwa watumishi wa shirika hilo hilo, wenye pensheni ile ile. Meli ya Liemba ililetwa kutoka Ujerumani vipande vipande ndani ya masanduku, ikasafirishwa kwa reli hadi Kigoma na kuunganishwa huko, ikashushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isitekwe. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina lake la sasa. Mtu aliyestaafu Liemba alikuwa na haki ya kuketi na madereva na magadi kwenye msiba wa reli, na aliketi.

Sasa kazi zenyewe. Hapa naomba msomaji awe na subira, kwa sababu ndani ya kazi hizi ndimo watu hao walimo.

Tuanze chini kabisa, kwenye tuta. Kila genge lilipewa kipande chake cha njia na nyapara wake, likajengewa vibanda kando ya reli, mara nyingi porini mbali na kijiji chochote. Kazi yao ilikuwa kukaza vifungo, kushindilia kokoto chini ya mataruma, kufyeka, kuzibua makalvati, na kutembea. Kutembea ndiko hasa kulikokuwa kazi. Kabla ya treni ya abiria kupita, mtu aliikagua njia kwa miguu akiangalia ufa, kifungo kilicholegea, jiwe lililoporomoka. Wakati wa masika alitembea usiku na taa mkononi. Kati ya Kilosa na Gulwe, mahali ambapo njia ya kati inakaa ubavuni mwa mto Mkondoa, maji yameing'oa reli mara nyingi. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliivunja vibaya, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yakaifunga tena. Wazee wa magenge ya Kidete, Godegode na Gulwe walijua mto unarukia wapi. Waliliona tuta likianza kunyonya maji kabla halijainama. Mhandisi aliyekuja na ramani aliyekuwa na busara aliwauliza wao kwanza. Ujuzi huo haukuwa na cheti, na wenye nao walistaafu wakiwa na mshahara mdogo kuliko wote, kwa hiyo na pensheni ndogo kuliko wote.

Kisha gadi. Abiria walimwona kama mtu wa kipenga na bendera ya kijani, lakini treni ilikuwa yake. Dereva aliendesha, gadi ndiye aliyeandika saa ya kuondoka na kufika, aliyebeba vifurushi vya thamani, aliyejua behewa gani lina breki dhaifu, na treni ikisimama porini yeye ndiye aliyerudi nyuma kwa miguu gizani, akaweka fataki juu ya reli ili treni inayokuja isikie mlipuko na kusimama. Kuna watu ambao hawakuwahi kujua kwamba wanaishi kwa sababu gadi mmoja alirudi nyuma hatua za kutosha.

Stesheni masta wa kituo kidogo aliishi maisha ya upweke yanayostahili kitabu kizima. Njia ilikuwa moja, treni zikitoka pande zote mbili, na hakuna dereva aliyeruhusiwa kuingia kipande cha mbele bila kibali kilichokubaliwa kwa simu kati ya stesheni masta wawili. Kosa la sekunde lilikuwa maiti. Kwa hiyo mtu huyo alilala kwa vipande, akiamshwa na kengele ya simu, kwa miaka 30. Wajane wa stesheni masta husimulia kwamba hata baada ya kustaafu waume zao waliamka usiku na kukaa kitandani wakisikiliza.

Na madereva. Katika miaka ya 1955 na 1956 reli ilipokea kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester vichwa 34 vya aina ya Garratt, vilivyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na havikuwahi kuzidiwa na kichwa kingine cha mvuke kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Kilichoma mafuta mazito, si makaa, na kilivuta zaidi ya tani 1,000 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, karibu mita 1,660 juu. Faiamani hakutumia koleo, ila hakupumzika: moto, maji na mvuke vilitaka jicho lake kila dakika, na joto la pale ndani katika nyika ya Taru halielezeki kwa mtu ambaye hakulionja. Kilichobaki maarufu kuliko vyote, nambari 5918, Mount Gelai, kiko makumbusho ya Nairobi. Kimepakwa rangi vizuri. Laiti kingeandikwa ubavuni majina ya waliokiendesha.

Kufika kwenye kiti cha dereva kulikuwa safari ndefu kwa Mwafrika. Reli ya kikoloni iligawa kazi kwa rangi. Wazungu walishika madaraka na vichwa vikubwa, Wahindi na Wagoa ofisi, stesheni na karakana, Makalasinga walisifika kwa uendeshaji na ufundi wa chuma, na Mwafrika alianza kwa kusafisha vichwa. Kutoka kusafisha akapanda kuwa faiamani, kutoka hapo akasubiri mtihani, akaanza kwa kupanga mabehewa uwanjani, kisha treni za mizigo, na mwisho kabisa abiria. Mwaka wa uhuru ulipofika kulikuwa na Waafrika waliokuwa wamewafundisha vijana wa Kizungu kazi ambayo wao wenyewe walinyimwa cheo chake. Sina haja ya kulizungusha hili. Wazee wenyewe walilisema wazi, na walilisema bila kuwachukia waliofanya nao kazi. Wengi waliwalilia mafundi wao wa Kihindi kama ndugu, na misiba ya Makalasinga wa reli pale Nairobi na Tabora ilijaa watu wa makabila yote.

Ndani ya mgawanyo huo ndimo siasa ilimomea. Kleist Sykes, mmoja wa waanzilishi wa African Association mjini Dar es Salaam mwaka 1929, alikuwa mtumishi wa Reli ya Tanganyika. Miaka 31 baadaye, mwaka 1960, chama cha wafanyakazi wa reli Tanganyika kikiongozwa na Christopher Kasanga Tumbo kiligoma kwa siku 82, kikidai mishahara na nafasi za Waafrika. Siku 82 bila mshahara, uhuru ukiwa mlangoni, na wanasiasa wenyewe wakitamani watu warudi kazini. Familia katika kota ziliishi kwa mihogo ya majirani na mikopo ya wenye maduka. Tumbo baadaye alitumwa London kuwa balozi, akajiuzulu, akaanzisha chama cha upinzani, na akaonja kifungo. Wengine waliogoma hawajulikani kwa majina. Walirudi kwenye genge, kwenye karakana, kwenye kibanda cha ishara, na mgomo huo ukabaki kuwa mstari mmoja kwenye wasifu, kama ulisemwa kabisa.

Kota za reli zilikuwa mji ndani ya mji. Muthurwa na Makongeni za Nairobi, kota za Tabora, za Morogoro, za Voi na Nakuru: nyumba za safu, bomba la pamoja, zahanati, klabu, uwanja wa mpira. Timu ya Reli ya Morogoro iliitwa Kiboko ya Vigogo, na jina hilo lilitokana na matokeo uwanjani. Watoto wa kota walikua wakisema Kiswahili kimoja huku mama zao wakisema Kijaluo, Kinyamwezi, Kiluhya, Kiha, Kiganda na Kikamba jikoni. Kila mwaka baba alipewa pasi ya kusafiri, na familia nzima ikapanda treni kwenda kwao na kuku, magunia na vyombo. Saranda walinunua kuku wa kuchoma dirishani, Tabora asali, na wakirudi kutoka Kigoma walibeba dagaa na mawese. Afrika Mashariki ambayo wakuu wa nchi waliitia saini Kampala mwaka 1967 ilikuwa tayari inaishi kwenye nyumba hizo.

Mkataba huo, ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliigawa kazi upya. Bandari zikatenganishwa na kuwa na makao makuu Dar es Salaam, posta na simu zikaenda Kampala, reli na ndege zikabaki Nairobi, na sekretarieti ikakaa Arusha. Ulidumu karibu miaka kumi tu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 kanda za reli ziligombana na makao makuu juu ya fedha: nani alete nini Nairobi, nani abaki nazo. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na ilipofika tarehe 30 Juni mwaka huo bajeti ya Jumuiya haikupitishwa. Ikawa basi. Kukawa na Shirika la Reli Tanzania, la Kenya na la Uganda, na vichwa vya treni na mabehewa vikabaki pale vilipokutwa.

Watu nao walikutwa. Mtanzania aliyekaa Nairobi miaka 20, mwenye watoto waliozaliwa Makongeni, aliamka akiwa mgeni. Mkenya wa karakana ya Dar es Salaam vivyo hivyo. Walirudi makwao na masanduku, baadhi wakirudi sehemu waliyoondoka wakiwa vijana na ambapo hawakuwa tena na shamba. Na kwa kuwa mpaka kati ya Kenya na Tanzania ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983, marafiki waliokuwa wamelala behewa moja na kula sufuria moja walifiwa bila kujuana. Mtu alizikwa Kisumu, mwenzake wa Tabora akaja kusikia baada ya miaka.

Mambo ya mali na madeni yalimalizwa Arusha tarehe 14 Mei 1984, kwa usuluhishi wa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka. Kila nchi ikakubali kuwalipa raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya. Kwenye karatasi suala lilikwisha. Kwa wastaafu wa Tanzania, si wa reli peke yao bali pia wa bandari, posta na ndege, ndipo lilipoanza. Mwaka 2003 walikwenda Mahakama Kuu; mwaka 2005 yakafikiwa makubaliano na malipo yakaanza, kisha ikaja mivutano mipya kuhusu nani kalipwa pungufu na nani hajalipwa kabisa. Wakazi wa Dar es Salaam wa miaka hiyo watakumbuka wazee waliokaa chini barabarani katikati ya mji, wenye mvi na bahasha za khaki, magari yakipiga honi. Bahasha hizo zilikuwa na barua za ajira, barua za uhamisho na vikaratasi vya mshahara vya shilingi za Afrika Mashariki.

Wengi walikufa wakisubiri. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu kufa ukidai ni tofauti na kufa umestaafu. Anayedai hawezi kusimulia kazi yake kwa raha. Kila akifungua mdomo anaishia kwenye madai. Kwa zaidi ya miaka 20 tuliwaona wazee hawa kama kesi, tukasahau kuwauliza walivyopandisha treni Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, usiku wa ukungu. Kenya nako wastaafu wa reli walipitia ya kwao, mfuko wao wa pensheni ukikabidhiwa ardhi na nyumba badala ya fedha, Muthurwa ikiwamo, na wapangaji wake, ambao baadhi yao walikuwa watu wa reli wenyewe, wakajikuta wanatakiwa kuhama ili wenzao walipwe.

Kuna pia waliokufa wakiwa kazini, au pamoja na abiria waliokuwa wakiwahudumia. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kuliko uwezo wake, na zaidi ya watu 800 wakafa. Ilikuwa meli ya Shirika la Reli. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko wa Igandu, mkoani Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Baada ya siku hizo mbili wastaafu wa reli walibadilika. Nimewasikia wakizitaja kwa sauti ya watu wanaojiona bado wanahusika, wakiijadili breki na mteremko kana kwamba ripoti itawarudia mezani.

Kwa hiyo nani aliwazika? Walizikana. Kila mji wenye stesheni kubwa ulikuwa na wastaafu wanaochangishana, kwa utaratibu wa kufa na kuzikana unaojulikana kote kwetu. Mmoja hushika daftari, kwa kawaida karani wa zamani mwenye mwandiko mzuri. Msiba ukitokea, anapiga simu, zamani alipeleka barua kwa gadi wa treni ya jioni, na ubani unakusanywa kabla ya jua kuzama. Mwislamu akifa, Wakristo wa reli wako pale tangu asubuhi, na siku ya hitma wanarudi. Mkristo akifa, wenzake Waislamu wanachimba kaburi. Nauli ya watakaosafirisha mwili hutoka humo. Mtu asiye na ndugu mjini, na reli ilikuwa na wengi wa namna hiyo kwa sababu ya uhamisho, hazikwi na manispaa akiwa na wenzake hai. Hili ndilo ninaloliheshimu kuliko yote katika historia ya shirika hili. Mikataba ilivunjika, kampuni za kigeni zilikodishwa reli zikaja na kuondoka, majina kwenye kofia yakabadilika mara tatu, na daftari la karani likaendelea.

Lakini daftari hilo huandika jina, tarehe na kiasi cha mchango. Haliandiki kazi. Na sasa washika daftari wenyewe wanafariki, watoto wao wakilikuta kabatini hawajui ni la nini. Katikati ya mwaka 2024 treni za umeme zilianza safari kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na vijana, wanawake kwa wanaume, wanaendesha kwa kasi ambayo dereva wa Garratt asingeiamini. Ni jambo la fahari, na wazee wa reli walilipokea kwa furaha ya kweli. Baadhi walisafirishwa na watoto wao makusudi ili waketi dirishani. Njia mpya inapita karibu na ya zamani kwa sehemu kubwa, kwenye mabonde yale yale na mito ile ile. Chuo cha reli kiko Tabora hadi leo, mahali ambapo wastaafu wanaoweza kufundisha wangali wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu.

Ningependa wasifu wa marehemu wa reli usomwe polepole zaidi. Baada ya "alihamishiwa Gulwe" iongezwe sentensi moja: alikuwa nani huko, alishika nini mkononi, treni gani ilipita salama kwa sababu yake. Baada ya "alistaafu" isemwe pia kama alilipwa, na lini. Familia nyingi hazijui majibu, na wenzake wa rika wamebaki wachache. Walio na majibu zaidi ni wajane. Wao ndio waliofunga virago kwa kila uhamisho, waliopika saa nane usiku kwa sababu treni ya mizigo inaondoka saa tisa, waliojua zamu ya kila mume katika safu ya kota na waliomwamsha jirani wakati kijana wa kuita zamu alipochelewa. Shirika halikuwahi kuwaandika popote isipokuwa kwenye fomu ya mrithi.

Wapo Tabora, Morogoro, Tanga, Voi, Nakuru, Kisumu, Tororo. Katika sanduku la chuma lililoko chini ya kitanda kuna daftari la utumishi, pasi ya mwisho, na picha ya darasa la mafunzo, vijana 30 wamesimama mbele ya kichwa cha treni wakiwa na kofia mpya. Mjane anamjua karibu kila mmoja, na anajua nani amezikwa wapi. Mtu akae naye na kalamu, wayaandike majina nyuma ya picha, kuanzia mstari wa mbele, kushoto kwenda kulia.